Kitabu cha deni na simu: nani hasa aliokolewa muda Kibera na Kawangware?

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa mmoja. Tukiona mtu anarudia kazi ile ile mara mia kwa siku, mikono hutuwasha. Tunataka kumwandikia programu imfanyie.

Miaka kadhaa iliyopita ugonjwa huu ulinipeleka kwa mama mmoja mwenye duka pale Congo, Kawangware. Nilimtengenezea programu ya simu ambayo niliiona nzuri sana. Kila akiuza kitu anabonyeza, na jioni simu inamwambia ameuza kiasi gani na faida ni ngapi. Aliitumia wiki tatu tu. Nilipopita kumsalimia nikakuta amerudi kwa daftari lake lile la zamani. Nikamuuliza, "Mama, programu ilikusumbua?" Akacheka. "Kijana wangu, wa sukari robo amesimama, wa mafuta ya kumi amesimama, wa yai moja amesimama. Sasa nibonyeze simu ama niwauzie?"

Swali hilo lilinikaa kichwani. Mama huyu huyu aliyeikataa programu yangu anatumia M-Pesa, ana till, na usiku stima ikiisha ananunua tokeni kwa simu bila kutoka nyumbani. Hakuna aliyemlazimisha. Kwa nini hivi alivikubali na changu akakikataa?

Nikaanza kufuatilia historia ya vyombo hivi vinavyojiendesha, kuanzia siku za simu za kwanza hadi leo, na nikaona jambo linalojirudia. Chombo kinapookoa muda mara nyingi kinauhamisha. Kinamwondolea mmoja kazi na kumwekea mwingine. Ukichunguza vile vilivyodumu, utakuta anayefanya kazi ya kukitumia ndiye pia anayepata muda uliookolewa. Vilivyokufa, kazi ilikuwa ya huyu na faida ya yule. Mtafiti Mmarekani Jonathan Grudin alisema jambo kama hili mwaka 1988 kuhusu programu za maofisini. Lakini sisi tuna mifano yetu hapa nyumbani, na ni mizuri kuliko ya ofisi za Marekani.

Tuanze kabla ya simu. Kibera, jina lililotokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na Kawangware, iliyopakana na mtaa wa matajiri wa Lavington, zote zinaishi kwa uchumi wa kadogo. Watu wengi wanalipwa kwa siku na wananunua kwa siku: unga wa leo, mafuta ya leo, maji ya mtungi mmoja. Mwenye duka anauza vitu vidogo mara nyingi, na faida ya kila kimoja ni senti. Kazi zake za kurudia ni nne. Kutembea: kwenda kununua bidhaa, kupeleka pesa, kufuata deni. Kungoja: foleni ya benki, foleni ya kulipa stima. Kuhesabu. Na kukumbuka nani anadaiwa nini.

Hadi mwaka 1999 huduma za simu nchini zilikuwa chini ya shirika moja la serikali, KPTC, na mwenye kibanda hakuota kuwa na laini yake. Mwaka 2000 Safaricom na KenCell waliingia sokoni kwa kishindo, na katika miaka michache vibanda vya simu vya "Simu ya Jamii" vikaonekana mitaani. Chombo cha kwanza cha kuokoa muda hakikuandikwa na mhandisi yeyote, nacho ni kuflash. Watu wawili waliokubaliana mapema waliweza kuambiana "mzigo umefika" au "nipigie" bila kulipa hata senti. Kuflash kulipunguza kazi ya kutembea. Lakini pesa yenyewe bado ilikuwa lazima itembee, mfukoni mwa mtu, ndani ya matatu ya 46 au kwa miguu kando ya reli.

Sasa tuje kwa M-Pesa. Wengi tunajua ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007. Jaribio lililotangulia halizungumzwi sana, na kwa maoni yangu ndilo lenye somo kubwa.

Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza kujaribu mfumo wa malipo kwa simu, wakisaidiwa na fedha kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza. Wazo lilikuwa la Nick Hughes wa Vodafone, na Susie Lonie alitumwa Kenya kulitekeleza. Mshirika wao alikuwa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo. Jaribio halikufika Kibera wala Kawangware. Lilifanyika katikati ya jiji, Mathare na Thika, likiwa na mawakala wanane na wateja wasiofika 500. Lengo lilikuwa moja: mfanyabiashara mdogo apokee mkopo wa Faulu kwa simu na aulipe kwa simu.

Angalia kilichotokea. Wakopaji wa Faulu walikuwa katika vikundi vilivyokutana mara kwa mara, na kila mtu alilipa mbele ya wenzake. Mtu alipoweza kulipa kwa simu akaona mkutano hauna haja tena. Muda wake uliokoka, lakini mshikamano wa kikundi, ambao ndio uliokuwa dhamana ya mkopo, ukaanza kulegea. Faulu nao walikuwa na mfumo wao wa hesabu ambao haukuweza kuzungumza na mfumo wa M-Pesa. Kwa hiyo malipo yalifika kwa kasi ya simu, kisha yakaoanishwa kwa mkono, moja baada ya jingine. Mwandishi yeyote wa programu anaijua picha hii: mifumo miwili ya kisasa, na katikati yake karani mwenye kalamu. Faulu walikuwa wameongezewa kazi.

Wateja, kwa upande wao, walifanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wafanyabiashara walilipana wao kwa wao. Wengine waliweka pesa jioni kwa wakala kwa sababu benki imefungwa, wakazitoa asubuhi. Yaani waliifanya simu kuwa sefu. Wengine waliweka pesa upande mmoja wa safari na kuzitoa upande wa pili, ili wasitembee nazo. Wengine waliwanunulia jamaa wa mashambani salio la simu.

Kazi zote hizo ni zile zile za kutembea na kungoja, na mtu aliyebonyeza simu ndiye aliyepumzisha miguu yake. Waanzilishi waliliona hilo. Huduma ilipozinduliwa 2007 mikopo ilikuwa imeondolewa, na tangazo likawa na ujumbe mmoja tu: tuma pesa nyumbani. Kwa sisi tunaopenda kuongeza vipengele kila wiki, hili ni funzo. Mfumo ulifaulu baada ya kupunguzwa.

Haukupita mwaka ukapata mtihani. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliiumiza Kibera vibaya. Reli iling'olewa, na Soko la Toi lililo ukingoni mwa Kibera likateketezwa. Watu waliokwama mitaani bila njia ya kutoka walitumiwa pesa na salio na jamaa zao kwa simu. Fikiria mchuuzi wa mitumba wa Toi asubuhi ile. Marobota ni majivu. Daftari la deni, kama lilikuwa kibandani, ni majivu pia, na pamoja nalo pesa zote alizokuwa akidai. Lakini zile alizokuwa ameziweka kwenye laini yake zilikuwa zimeandikwa kwenye kompyuta mbali kabisa na moto. Wakati huo, kwa kweli, mitambo ya M-Pesa ilikuwa nje ya nchi; ilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Toi iliungua tena 2019, na tena 2021. Kwa hiyo ninapoongea juu ya kumbukumbu zinazojiandika zenyewe, wakati mwingine ni suala la kuanza upya au kutoanza kabisa.

Je, kazi ya kutembea ilipotea? La, ilihamia kwa wakala. Mtu yule wa kibanda cha kijani ndiye aliyeandika kila muamala kwa mkono kwenye kitabu kikubwa: namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi, sahihi. Ndiye aliyekimbia benki kutafuta floti pesa taslimu zilipoisha. Foleni yako wewe na mimi aliibeba yeye. Tofauti ni kwamba alilipwa kamisheni kwa kila muamala. Kazi ilihama, na malipo yakahama pamoja nayo. Ndiyo maana mawakala walijaa kila kona, kuanzia Makina hadi Gatina.

Mwaka 2009 ikaja zamu ya foleni. Ankara za stima zikaanza kulipwa kwa M-Pesa, na mwaka huo huo Kenya Power wakaanza kuweka mita za kulipia kabla, zile za tokeni. Kwa kinyozi au mwenye mashine ya kusaga unga, foleni ya kulipa stima ilikuwa nusu siku bila mapato. Hapa kampuni ilipunguziwa makarani na mteja akapunguziwa foleni. Wote wawili walipata, na chombo kikakaa.

Sasa kuhesabu. Huku ndiko sisi waandishi wa programu tulikoingia kwa mbwembwe. Meseji ya M-Pesa ina kila kitu: namba ya muamala, kiasi, jina la aliyetuma, saa na salio. Kwa mwenye duka, kasha la meseji likawa daftari la mauzo linalojiandika lenyewe. Kabla ya kuwapo njia rasmi, wengi wetu tuliunganisha simu au modemu na kompyuta, tukaandika programu ya kusoma kila meseji inayoingia na kuchambua maneno yake. Ilifanya kazi hadi siku maneno ya meseji yalipobadilishwa kidogo. Hapo duka zima linasimama na wewe unapigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi. Nilipigiwa.

Mnamo 2012 kampuni ya Kopo Kopo ilikuwa ikiwapa wafanyabiashara wadogo wa Kenya njia ya kupokea malipo ya M-Pesa na kuyaona yakiwa yamepangwa vizuri. Juni 2013 Safaricom wakaleta Lipa na M-Pesa, yaani till. Mwaka 2017 wakafungua Daraja, lango la waandishi wa programu. Kwa lugha rahisi linafanya hivi: unaisajili anwani ya seva yako, mteja akilipa kwenye till, mfumo unaipigia seva yako hodi na kuikabidhi taarifa ya malipo: kiasi, namba ya muamala, saa. Hakuna kusoma meseji tena. Na mwenye duka habonyezi kitu. Mteja ndiye anayebonyeza, na alikuwa abonyeze hata hivyo ili alipe. Hapo ndipo programu yangu ya Congo iliposhindwa na till ikafaulu. Yangu ilitaka mama aingize taarifa. Till inazipata kama mabaki ya kazi ambayo tayari inafanyika.

Till pia ilisaidia dhidi ya ujanja. Kila mwenye kibanda anamjua mteja anayeonyesha meseji ya kughushi, na yule anayelipa kwenye namba ya kawaida, akifika kona anapiga simu pesa zirudishwe. Lakini till ina ada yake, na kwa biashara ya kadogo ada ni adui. Machi 2020, korona ilipoingia, ada za kutumiana kiasi kisichozidi Sh1,000 ziliondolewa hadi mwisho wa mwaka huo. Kwa anayeuza vitu vya bei ndogo hilo lilikuwa jambo kubwa. Baadaye ikaja Pochi la Biashara kwa wachuuzi wasiotaka till, ili pesa ya biashara isichanganyike na ya nyumbani.

Turudi kwa vilivyokufa. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walizindua BebaPay, kadi ya kugusisha ya kulipia nauli. Mwaka uliofuata serikali ikataka matatu zote ziache pesa taslimu kuanzia tarehe 1 Julai 2014. Teknolojia ilikuwa safi. Kadi inagusa, nauli inakatwa, na mwenye gari anaona mapato yake yote akiwa sebuleni. Tatizo ni nani alitakiwa kuishika ile mashine. Ni makanga, ambaye kwake kila mguso ulikuwa kazi zaidi na pesa pungufu mkononi, kwa sababu riziki yake, mafuta ya gari na "chai" ya barabarani vyote vilitoka kwenye noti za siku hiyo. Abiria naye alitakiwa kwanza atafute kadi na kuijaza pesa. Tarehe ya serikali ikaahirishwa, na Machi 2015 BebaPay ikafungwa. Muda uliookolewa ulikuwa wa mwenye gari, na kazi ilikuwa ya wengine wote.

Kuna pia vile vilivyo katikati. Mama mboga wa Kawangware huamka alfajiri kwenda Marikiti kununua bidhaa. Mwaka 2014 ilianza Twiga Foods, kwanza kwa ndizi: unaagiza kwa simu, gari linakuletea. Sokowatch, ambayo baadaye iliitwa Wasoko, ilifanya hivyo kwa bidhaa za dukani. Kwa mama mboga hii ni saa kadhaa za usingizi. Lakini ile safari ya Marikiti haikufutika. Ilihamia kwenye lori, dereva, ghala na mshahara wa mtu wa ofisini, na vyote hivyo vikalipiwa kwa muda mrefu na pesa za wawekezaji. Pesa hizo zilipopungua mambo yakawa magumu. Twiga ilipunguza wafanyakazi 2023, na Copia, iliyokuwa na mtindo unaofanana wa kuagiza kupitia mawakala, iliwekwa chini ya msimamizi Mei 2024. Wakati huo wote mama mboga aliyebaki na njia yake ya Marikiti hakukosa bidhaa.

Nimebakisha kazi ya nne, kukumbuka, ambayo kwa duka la mtaani ndiyo kitabu cha deni. Hapa watu wengi wamejaribu. M-Shwari ilikuja Novemba 2012, kisha zikafuata programu za mikopo, Tala (ikiitwa Mkopo Rahisi) na Branch, zilizosoma meseji za simu yako ili kukadiria kama utalipa. Ziliokoa muda kweli, kwa sababu mkopo uliohitaji wiki za makaratasi ukatoka kwa dakika. Ila ile meseji iliyokuwa daftari la mama sasa ikawa pia ushahidi mkononi mwa mkopeshaji. Watu wengi walijikuta wameorodheshwa CRB kwa deni la mia chache, hadi Aprili 2020 Benki Kuu ilipozuia uorodheshaji wa mikopo iliyo chini ya Sh1,000. Kanuni za kuwasimamia wakopeshaji hawa wa simu zilitoka Machi 2022.

Linganisha na daftari la mama wa Congo. Humo jirani anadaiwa unga wa siku tatu. Mama anajua mume wa jirani huyo ni fundi wa mjengo na mvua imenyesha wiki nzima, kwa hiyo anangoja. Programu ingemtumia jirani meseji ya kumkumbusha saa mbili asubuhi kila siku bila kuchoka. Ingeokoa muda gani hapo? Dakika moja. Ingempotezea nini? Mteja wa miaka kumi.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijafungua kompyuta kumwandikia mfanyabiashara mdogo chochote, najiuliza maswali matatu:

1. Nani atabonyeza? Kama ni mwenye duka, na wateja wamesimama, nimeshashindwa.
2. Muda utakaookolewa ni wa nani? Kama si wake, analipwa nini kwa kazi niliyomwongezea?
3. Siku mtandao, kampuni au kibanda chenyewe kikipotea, atabaki na nini mkononi?

Mwishowe nilirudi Congo. Ile programu niliifuta yote nikaandika nyingine ndogo sana. Inapokea taarifa za till, na saa mbili usiku inamtumia mama meseji moja: leo umepokea kiasi hiki kwa till, kutoka kwa malipo mangapi, na jana ilikuwa kiasi gani. Basi. Anasema inamsaidia kuamua kama kesho aende duka la jumla au angoje siku moja zaidi.

Daftari la deni sikuligusa. Nilimwomba jambo moja tu kwa sababu ya yaliyotokea Toi: kila Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, apige picha kurasa za wiki hiyo kwa simu yake na amtumie binti yake aliye Nakuru. Inamchukua dakika mbili, na hadi leo hajaacha.